Uzi wa Magunia kwenye Dole Gumba

Nilikuwa nimebakiza barua moja. Hospitali ndogo niliyofanya kazi Nachingwea, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nasalimiana na watu wake, ilikuwa na utaratibu wake kuhusu usingizi. Mtumishi akikutwa amelala kazini anaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, naye anajibu kwa maandishi ndani ya siku moja. Barua ya kwanza inakaa kwenye faili. Ya pili inakaa juu ya ya kwanza. Ya tatu inapanda kwenda kwa wakubwa, na ikishapanda, ukiomba ruhusa ya kwenda kusoma wanakutazama tu. Mimi nilikuwa nimeshaiomba hiyo ruhusa. Nilikuwa muuguzi wa cheti, nina miaka kumi kazini, na stashahada naitaka kuliko nilivyotaka kuoa. Na barua mbili zilikuwa zimeshakaa kwenye faili langu.

Ya kwanza niliipata kwa kukutwa kwenye kitanda kitupu cha wodi ya wanaume saa nane mchana, mgongo ukutani, mdomo wazi. Nilijieleza kwamba nilikuwa "nikifanya tathmini ya godoro kwa manufaa ya wagonjwa". Sentensi ile niliionea fahari. Matroni aliisoma, akavua miwani, akaniuliza tathmini imeonyesha nini. Nikamjibu kwamba godoro ni zuri.

Ya pili ilinijia kwa sababu ya mzee mmoja, mkulima wa Lionja, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Nilimshika mkono kupima mapigo, nikakazia macho saa yangu, nikaanza kuhesabu. Nilipofumbua macho mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, wodi nzima imenyamaza inatutazama, na mzee anasema polepole, "Mia nane na sita, mia nane na saba." Kisha akaniambia kwa upole, "Dokta, wewe uliishia arobaini na mbili. Nikaona hesabu isipotee, nikakupokea." Matroni alikuwa amesimama mlangoni tangu kwenye mia tano hivi.

Sikuwa mvivu, na anayesema nilikuwa mvivu aje aniambie usoni. Zamu za usiku zilikuwa zinafuatana, na mwenzako akiugua unaunganisha zamu, unatoka usiku unaingia mchana kana kwamba mwili ni wa mtu mwingine. Wote tulikuwa vivyo hivyo. Mtaalamu wetu wa maabara alitembea na alama ya duara kuzunguka jicho la kulia, kwa kulilalia darubini. Mhudumu wa usafi alilala amesimama huku ufagio ukiendelea kwenda na kurudi palepale, na kile kipande cha sakafu ndicho kilichokuwa kisafi kuliko hospitali nzima. Tulilala kazini kwa sababu hatukulala nyumbani. Mwenzangu mmoja alikuwa na watoto mapacha, mwingine alipanga jirani na mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa na bibi mwenye nyumba.

Bibi huyu nilipanga kwake chumba cha uani. Alikuwa Mmwera, mjane, mashamba yake yako Lionja, mwenyewe akikaa mjini peke yake na kuku. Mchana kutwa alikaa kwenye kigoda barazani akilinda makopa yake ya muhogo yaliyoanikwa kwenye mkeka, na fimbo ndefu mkononi ya kufukuzia kuku. Kwa kila kitu kingine alikuwa mtu wa kumwombea dua. Aliniita mjukuu tangu siku ya kwanza, akaniwekea mbaazi kila alipopika, akanifulia hata koti la kazi bila kuombwa. Lakini nilipotoka zamu ya usiku, nikaoga, nikala, nikajitupa kitandani saa tatu asubuhi, saa nne mlango uligongwa.

"Mjukuu wangu."

"Naam, bibi."

"Umekufa?"

"Sijafa, bibi."

"Haya, lala."

Saa tano akagonga tena. "Umekufa?" Bado, bibi. "Haya, lala." Saa sita akaja na uji, kwa hoja kwamba kama nimekufa uji hautapotea, atakunywa yeye. Saa saba, saa nane. Siku ile nililala vipande vipande kama mtu anayekula karanga, moja moja, na jioni nikaenda kazini macho yamevimba. Nikajua ni ugeni tu, atazoea. Hakuzoea. Kila siku niliyotoka usiku, kila saa, aligonga.

Nilijaribu kila njia. Nilimweleza kwamba mimi ni muuguzi, kifo nakijua, kikija nitamwita. Nikabandika karatasi mlangoni: MTU AMELALA, YUPO HAI. Bibi hakujua kusoma. Siku moja nikaamua nisijibu, akigonga nijifunike shuka mpaka achoke. Hakuchoka. Nilisikia miguu yake ikienda mbio barabarani, kisha sauti nyingi uani, kisha fundi baiskeli wa jirani akisema leteni nyundo. Nikatoka nimejifunga taulo, nikakuta watu kama kumi na watano, wanawake wawili wameshaanza kulia na mmoja ameshafunga khanga kiunoni tayari kwa shughuli ya msiba. Waliponiona walinipa pole. Nikaitikia asante, maana sikujua jibu lingine.

Ilikuwa msimu wa korosho, jua linachoma bati mpaka linalia, ndipo nilipomkosea. Nilikuwa nimetoka kuunganisha zamu mbili, barua ya pili ina siku tatu kwenye faili. Bibi akagonga saa nne, akagonga saa tano, na saa sita nikafungua mlango kwa hasira mpaka kitasa kikabaki mkononi. Nikamfokea. Nilimwambia yeye ndiye anayeniua, kidogo kidogo, kila saa kipande, na kwamba nitakosa shule kwa sababu yake, na kama anataka maiti aniache nilale tu, ataipata. Nasema nilivyosema, nimeona aibu miaka yote hii na bado naona.

Bibi alikaa kwenye kigoda chake akanipa mgongo. Kuku walikuja wakala makopa mbele yake, fimbo haikuinuka. Nami nilirudi kitandani kwa ushindi na, bila shaka, sikupata hata lepe. Nikatoka, nikakaa chini kwenye mkeka kando ya muhogo.

"Babu yako alirudi kutoka shamba saa sita," alisema, kama tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Amechoka. Akala, akasema ajinyooshe kidogo. Mimi nikasema ntu amechoka, apumzike. Watoto nikawafukuza waende kwa jirani. Hata kuku niliwanyamazisha, mjukuu wangu. Nikakaa nlangoni na fimbo, ntu asimsumbue. Alasiri nikaenda kumwamsha aswali."

Akaokota kopa moja lililodonolewa na kuku, akaligeuza.

"Nilimlinda ili afe vizuri," akasema. "Tangu siku ile mimi nchana silali. Na ntu hatalala kwangu mimi nikakaa tu."

Nilitaka kumweleza habari za moyo na shinikizo la damu. Nilitaka kumwambia kwamba labda hata angemwamsha isingesaidia. Mambo hayo tunafundishwa kuwaambia ndugu wa marehemu, na nimewaambia wengi, lakini kwa bibi yule maneno yale niliyaona hayana adabu. Nikalia kidogo, kwa uchovu na kwa yeye pia.

Wazo la uzi lilitoka kwenye gunia. Bibi alikuwa na bunda la uzi wa katani wa kushonea magunia ya korosho, nikakata kipande kirefu. Ncha moja nikaifunga kwenye dole gumba la mguu wangu wa kulia, nikaupitisha uzi kwenye tundu la wavu wa dirisha, ncha ya pili ikafika kwenye kigoda chake barazani. Tukakubaliana. Yeye akitaka kujua, anavuta mara moja. Mimi kama ni mzima, navuta mara mbili. Hakuna kugonga mlango, hakuna kuuliza. Tulifanya majaribio mara nne, yeye akicheka mpaka ukaya ukamwanguka kichwani.

Siku za mwanzo zilikuwa na matatizo yake. Kuku walikuwa wakijikwaa kwenye uzi, nami kwa uaminifu nilikuwa nikimjibu kila kuku. Lakini mwili ni kiumbe mwerevu. Baada ya wiki mbili mguu wangu ulijifunza kuitika peke yake, mara mbili, bila kunishirikisha. Bibi alivuta kila saa, mguu ukajibu kila saa, na mimi nikalala kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa kama mtu mwenye haki zake. Mashavu yakarudi. Mapigo ya wagonjwa nikawa nayahesabu mwenyewe mpaka mwisho. Mzee wa Lionja alipokuja kufunguliwa kidonda aliuliza kama bado nahitaji msaada.

Ndipo ikaja semina. Tangazo lilibandikwa ubaoni: wageni kutoka mkoani watatoa semina kuhusu umuhimu wa usingizi kwa mtumishi wa afya, saa tatu asubuhi, na waliotoka zamu ya usiku wasiondoke. Nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Nilikuwa nimetoka usiku wa nne mfululizo. Tulienda kukaa, na matroni, akitaka wageni waone watu wachangamfu, akaniweka mstari wa mbele kwa kuwa siku hizo mimi ndiye niliyekuwa nang'aa.

Mtoa mada alikuwa na sauti laini, ya mtu anayembembeleza mtoto. Alizima taa ili picha zionekane ukutani. Alisema mwili unahitaji saa saba, nikatikisa kichwa kukubali, na nadhani kichwa hakikurudi juu.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Waya wa projekta ulitoka kwenye soketi ya nyuma ukapita sakafuni karibu na viti, na kwa kuwa nilikuwa nimevua kiatu kupumzisha mguu, ulikuwa umepita kati ya dole gumba langu na kidole cha pili yake. Mtoa mada akataka kuisogeza mashine mbele kidogo. Akauvuta waya. Mara moja.

Mguu wangu ukajibu mara mbili, kwa nguvu zote, kama ulivyozoeshwa. Projekta iliruka mezani ikatua kwenye mapaja ya mtu wa maabara, nayo ikiwa bado inawaka, ikatupa picha ya mtu aliyelala vizuri juu ya dari. Watu wakapiga kelele. Matroni akanishika bega akanitikisa. Na mimi, macho yamefumba, nikasema kwa sauti ambayo wanasema ilifika mpaka chumba cha dawa, "Mzima, bibi!"

Matroni alinizidi miaka mitatu tu.

Barua ya tatu niliipata kabla ya chai. Nilirudi nyumbani nayo, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia bibi kwamba shule imeondoka, na kwamba si kosa lake, ni kosa la mguu. Alinisikiliza akiikunja ile barua na kuikunjua ingawa hakuweza kuisoma. Mimi nikaingia ndani kuandika kujieleza. Safari hii sikuandika tathmini. Niliandika: "Yah: Kujieleza kuhusu kulala kwenye semina ya usingizi. Ni kweli nililala. Nafungwa uzi mguuni kila siku na mama mwenye nyumba ili ajue kama nipo hai, kwa sababu mume wake alifia usingizini mchana. Mguu umezoea. Naomba radhi kwa projekta." Niliisoma nikaona hakuna ofisa duniani atakayeamini.

Asubuhi ya pili nilipoipeleka, nilimkuta bibi ameshanitangulia. Amekaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwa matroni, amevaa doti mpya ya khanga yenye harufu ya sanduku, na bunda la uzi wa katani mapajani.

"Shikamoo, bibi," matroni alikuwa anasema. "Wewe ni nani wake huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye ninayemharibia usingizi."

Matroni akaniangalia. Akaipokea barua yangu, akaisoma, akamwangalia bibi, akauangalia uzi. "Haya, bibi, nieleze," akasema, akaegemeza shavu kwenye kiganja.

Bibi akaeleza. Kiswahili chake kilikwenda taratibu, kikipita Kimwera mara kwa mara kama mtu anayeingia nyumbani kuchukua kitu na kutoka. Alianzia mbali, kwenye mwaka waliolima shamba la kwanza la ufuta. Feni ilizunguka. Dirishani kulikuwa na nyigu. Alipofika mahali babu alipokula na kujinyoosha, aligeuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Mjukuu wangu," akanong'ona. "Huyu amekufa?"

Matroni alikuwa amelala. Kalamu mkononi, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, simu yake iliyolia usiku kucha kila kitu kilipoharibika wodini iko kifudifudi mezani. Sikuwahi kumwona karibu hivyo. Alikuwa na weusi chini ya macho kuliko sisi wote, na mimi miaka yote nilidhani ni wanja.

"Amelala tu, bibi. Tazama bega, linapanda na kushuka."

Nilingoja bibi anyanyuke amwamshe, maana ndiyo kazi yake hapa duniani. Mkono wake kweli ulitoka kwenye khanga, ukafika katikati ya meza. Ukasimama. Alilitazama lile bega kwa muda mrefu, likipanda, likishuka, midomo yake ikienda nalo.

"Amechoka," akasema. "Wewe si unajua pumzi? Mtazame pumzi. Mimi nashika nlango."

Basi tukamlinda. Mimi nilisimama kando ya matroni nikihesabu pumzi zake, bibi akakaa kwenye kiti mlangoni na uzi wake, na kila aliyekuja, wa famasi, wa stoo, daktari mwenyewe, aliambiwa na mwanamke asiyemjua kwamba mama yuko kwenye kikao. Kila baada ya muda bibi aliniuliza kwa nyusi, nami nilimjibu kwa vidole viwili. Ilikuwa karibu saa nzima. Sijapata kuwa macho kazini kama saa ile.

Matroni alipozinduka alitutazama, akatazama saa ya ukutani, akatengeneza miwani. Alikumbuka alipoishia kusikia, nadhani, kwa sababu alimuuliza bibi, "Halafu ukaenda kumwamsha?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Pole sana, bibi."

Barua yangu ya tatu aliiweka kwenye droo ya chini, pamoja na vifungo vya mashati na betri zilizokwisha, akasukuma droo kwa goti. "Nenda kalale," akaniambia. "Na viatu usivue tena kwenye kikao." Ruhusa ya masomo ilitoka mwaka ule ule.

Nilisoma, nikamaliza, nikapangiwa kazi Ruangwa. Chumba nilichopata Ruangwa kina feni, pazia zito, na majirani watu wa ofisini ambao mchana hawapo. Siku ya kwanza niliyotoka zamu ya usiku nililala kuanzia saa tatu mpaka magharibi bila kugeuka. Nikaamka, nikakaa kitandani nikisikiliza. Hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameuliza. Ningekufa saa nne asubuhi, habari zingepatikana kesho kutwa, tena na mwenye nyumba anayetaka funguo. Nililala vizuri kuliko siku zote za maisha yangu na sikupenda hata kidogo.

Siku ya mapumziko nikapanda gari kwenda Nachingwea. Nilifika uani kwa bibi saa nane, jua kali. Makopa yalikuwa mkekani na kuku wanayala, wote, kwa raha zao, na fimbo iko chini. Kigoda kitupu. Mlango wake umefungwa. Nikasimama pale na mkate mkononi. Tangu nimfahamu bibi yule hakuwahi kujifungia ndani kabla ya jioni.

Kisha nikauona uzi. Ulitoka kwenye dirisha la chumba chake, si langu, ukapita kwenye wavu, ukafungwa kwenye mguu wa kigoda. Uzi wa magunia, umeshaingia weusi wa mikono ya watu.

Nikaushika. Mkono huu umepima watu wengi walio hai na wengine wasio hai. Nikavuta mara moja.

Kimya. Nikaanza kuhesabu, sikujua kingine cha kufanya. Nilikuwa nimepita arobaini na mbili uzi uliponivuta kidole, mara mbili, kwa ghadhabu.

"Nani tena?" sauti ya bibi ikatoka ndani, nzito kwa usingizi. "Kila apitaye anavuta, hata muuza samaki! Si nimejibu? Ntu alale saa ngapi?"

"Ni mimi, bibi. Mjukuu wako. Lala."

"Haya," akasema, na sekunde chache baadaye nikamsikia akikoroma. Nikakaa kwenye kigoda, nikaokota fimbo, nikawafukuza kuku. Saa tisa nikavuta tena.